Kifuniko cha Nyaga

Kila ninapoingia ofisi ya walimu siku hizi, mtu hunisogezea kiti na kuniuliza swali lilelile: nini kilichompeleka mtu wa mwili wangu, anayehema akipanda ngazi za posta, mlimani mara tatu katika miezi sita? Nimelijibu vipande vipande, mara kwenye chai, mara kwenye foleni, na matokeo yake ni kwamba safari yangu sasa ina matoleo manne. Katika toleo moja nilifukuzwa na chui. Sikufukuzwa na chui. Ninaandika ili tumalize mambo haya, nirudi kunywa chai yangu ikiwa bado moto.

Siakago: jinsi tulivyochagua Agosti

Tata Marigu ni dada ya baba yangu. Kwetu Mbeere shangazi ni tata, na tata akisema jambo, mtoto wa ndugu yake huuliza saa ngapi, haulizi kwa nini. Mwezi wa Julai alitoka kliniki ya macho akanipata nikisahihisha mitihani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia, alisema, lingepasuliwa Februari, na daktari alipoulizwa kama litaona tena alianza kutafuta kalamu yake mezani.

Mtu mwingine angeomba maombi. Tata aliomba gari.

"Nataka kupelekwa mlimani kabla ya hicho kisu," akasema. "Nikaone kama Nyaga alidanganya."

Nyaga alikuwa mumewe. Miaka michache baada ya uhuru, wakiwa hawajapata mtoto, alikwenda upande wa Chogoria akabeba mizigo ya wapanda mlima kwa msimu mmoja. Aliporudi alisimama kwenye sherehe ya ubatizo kwa jirani, sahani mkononi, akawaambia watu kwamba kule juu ukiacha maji nje kwenye karai, asubuhi unayakuta yamejifunika yenyewe. Unakishika kifuniko kwa mikono miwili, unakiinua, na chini yake kuna maji.

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi yake mwenyewe, Tata, bibi harusi wa miezi minne. "Mnamsikia?" aliwaambia watu. "Hata nyumbani hunidanganya hivi hivi." Mkutano ukaanguka kwa kicheko, na rafiki yao Mbogo akampa Nyaga jina papo hapo: Kifuniko. Aliitika jina hilo miaka thelathini. Hata kwenye mazishi yake, mwaka juzi, kuna waliolazimika kuulizana Nyaga ni nani.

"Jina si kitu," Tata aliniambia. "Lakini tangu siku ile hakunisimulia tena jambo. Akitoka safari namuuliza, kulikuwaje? Anajibu, kulikuwa. Basi. Miaka thelathini, kulikuwa."

Nikamwambia kwamba maji huganda, kila mtu anajua, kuna friji pale dukani.

"Hiyo ya friji ni kazi ya stima. Yeye alisema nje."

Nikatumia silaha yangu ya mwisho. Nikamkumbusha kuwa mimi ni mtu wa chuo kikuu, na ninathibitisha kuwa mlimani maji huganda nje.

"Umeona?"

"Nimesoma, Tata."

"Basi wewe na mimi tuko sawa." Akasimama. "Kama alidanganya, nitabaki na kicheko changu. Kama hakudanganya, niko na maneno ya kumwambia, na siwezi kuyasema kwa kitu sijaona."

Mwezi tuliuchagua bila ubishi. Agosti ndio mwezi wa baridi Siakago. Jua hujificha, mbuzi hujibana ukutani, na wanaume wazima huenda kazini wamevaa makoti ya wake zao. Kama Siakago kuko hivi, tulisema, mlimani je? Mji mzima ulikubaliana nasi. Naomba ikumbukwe kuwa niliwahi kufundisha jiografia miaka miwili.

Embu hadi Chogoria, pamoja na rejeta

Gari langu lina umri wa mwanangu wa kwanza na tabia zake pia: huanza safari kwa furaha, kisha huchemka. Lilichemka Runyenjes. Lilichemka tena baada ya Runyenjes, kwenye moja ya zile kona zinazoshuka mtoni na kupanda upande wa pili kana kwamba barabara imebadili nia. Tata alishuka kila mara, akaketi kwenye ukingo na sufuria yake ya ndengu na chapati, akaitazama nchi ya majani mabichi kwa dharau.

"Hawa watu wana maji kila mahali," alisema. "Ndiyo maana hawana adabu nayo."

Chuka tulisimama kununua maji ya rejeta, tukapewa bure, jambo lililomkasirisha zaidi. Mama aliyekuwa akiuza ndizi alituuliza tunakwenda wapi. Tata akamweleza yote, tangu ubatizo hadi kisu. Yule mama alisikiliza mkono ukiwa shavuni.

"Mwezi huu?" akauliza. "Mama, mwezi huu mlima hauonekani hata na sisi tunaolala chini yake. Mtaona ukungu tu."

"Sikuja kuona mlima," Tata akamjibu. "Nimekuja kuona maji."

Tulinunua ndizi zake, tukaacha ushauri wake palepale mezani.

Chogoria tuliliacha gari langu kwenye uwanja wa kanisa lipoe. Tulipokewa na Micheni, mwongoza wageni wa nyumba za mbao zilizo juu ya msitu, tulikopanga kulala. Micheni ni mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata akisali. Yeye ndiye dereva wa landrova, ndiye fundi wa bomba, ndiye anayewafundisha wageni kuvua samaki. Alimpa Tata kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma na gunia la viazi.

Njia ya kupanda hupita mashamba ya chai, halafu msitu wa miti mikubwa yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia, halafu mianzi. Mbega walikuwa juu ya miti wamekaa na makoti yao meusi kwa meupe kama wazee wa kanisa wanaosubiri ripoti. Niliwapiga picha kumi. Nilipozisafisha baadaye, zote kumi zilikuwa picha za ukungu.

Agosti juu: mnyama anayesikika

Msinicheke nikisema tulikaa siku mbili kwenye hifadhi ya wanyama bila kumwona mnyama. Tuliwasikia. Micheni alikuwa akisimama mlangoni, anageuza sikio, anasema, "Mbogo watatu, wanakula nyasi. Mmoja ni mzee, anakohoa." Nami niliandika katika daftari langu: mbogo watatu. Jioni ilipoingia, pimbi alianza kulia juu ya mti, sauti kama ya mlango wa zamani unaofunguliwa na mtu anayenyongwa. Nilipoambiwa kuwa mwenye sauti hiyo ana ukubwa wa sungura, nilijiambia kuwa hata huku kuna akina Kifuniko.

Mpishi na mtunza nyumba ni Gatwiri, mama mwenye mikono isiyopumzika na huruma inayozidi kiasi. Alituwekea samaki wa mto wa pale, mwenye madoadoa ubavuni. Tata alimtazama yule samaki, samaki naye akamtazama.

"Sili kitu ambacho hakifumbi macho," Tata akasema.

"Lakini Tata, wa bwawa la Kiambere unakula," nikamkumbusha.

"Wa Kiambere najua jamaa zake."

Gatwiri alimletea mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Kisha akamletea maji moto ya kunawa, blanketi ya pili, chupa ya maji moto ya miguuni, na akamwomba radhi kwa baridi kana kwamba ameileta yeye.

Karai liliwekwa nje. Asubuhi, kabla ya chai, Tata alitoka amejifunga blanketi kichwani, akaingiza kidole. Maji. Asubuhi ya pili, maji. Yalikuwa baridi ya kukata mfupa, lakini yalitikisika kama maji ya mahali popote.

Micheni alikuna kofia yake. "Mama, Agosti mlima umejifunika mawingu kama blanketi. Aliyejifunika blanketi hagandi. Njoo Januari, wakati wa jua kali. Mchana utatoa sweta, lakini usiku hakuna wingu, joto lote linatoroka juu. Ndiyo maji yanashika."

Tata alimtazama kwa jicho lake moja.

"Baridi ije wakati wa jua?" akasema. "Wewe pia ni Kifuniko."

Nami ningependa kuwaambia kuwa nilisimama upande wa sayansi. Sikusimama. Nilikuwa nimechora mishale ya joto ubaoni miaka miwili mfululizo, na hata hivyo, nikiwa nimevaa soksi mbili na kutetemeka, niliona dhahiri kuwa Micheni anatafuta wageni wa Januari.

Novemba: tulipofika nusu

Tulikubaliana, kwa shingo upande, kuijaribu Januari. Lakini mwanzo wa Novemba kliniki ilituma neno kuwa zamu ya Tata imeharakishwa, sasa ni Desemba badala ya Februari. Januari ikafutika. Ikabaki Novemba au kutoona kabisa, na Novemba, kama mnavyojua, ni mvua.

Nitafupisha, maana hata safari yenyewe ilijifupisha. Chini, Mbeere yote ilikuwa imevaa kijani, watu wanapalilia ndengu. Juu, barabara ya landrova ilikuwa imegeuka kuwa mto wa chokoleti. Micheni alifunga minyororo kwenye magurudumu, mimi nilivaa gambuti za kuazima, moja saba na moja tisa, nikasukuma. Nilianguka mara nne. Tata alihesabu kwa sauti kutoka kiti cha mbele.

Kwenye mianzi, Micheni alizima injini ghafla.

Barabarani alikuwa amesimama ndovu. Nyuma yake kulikuwa na wengine, maana mianzi ilikuwa ikivunjika pande zote mbili, lakini yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Micheni alieleza kwa kunong'ona kuwa mvua inapotoa machipukizi ya mianzi, ndovu hukusanyika hapo kama watu kwenye harusi ya tajiri, na hawana ratiba. Tulikaa kimya zaidi ya saa moja. Mimi nilikuwa nyuma ya landrova, nje, nikiwa nimeshikilia bampa, na niliendelea kuishikilia, kwa sababu sikukumbuka jinsi ya kuiachilia.

Tata hakuogopa hata kidogo. Aliegemea kioo cha mbele, jicho lake zima likiwa karibu kugusa kioo.

"Ana kope," akasema polepole. "Ndefu kama za ng'ombe. Nyaga hakuniambia ana kope."

Nilikuwa nimeshaingia na kukaa juu ya viazi wakati huo, na mdomo wangu ukafunguka kabla ya akili. "Hukumpa nafasi, Tata."

Hakugeuka. Micheni alijishughulisha na kioo chake cha pembeni. Nilijaribu kulirudisha neno lile kwa kumpa ndizi, akaipokea na kuiweka mapajani bila kuimenya.

Ndovu alipoondoka, aliacha barabara imechimbwa mashimo makubwa kama sinia, kila moja limejaa maji. Magurudumu yalizama hapo, na juu zaidi mti ulikuwa umeanguka njiani. Micheni akageuza gari. Njia nzima ya kurudi Siakago Tata alisema maneno mawili tu, nayo alimwambia mtu wa petroli Embu: "Jaza tu."

Nilijua ndiyo basi. Nilianza kuandaa kichwani hotuba juu ya umuhimu wa kuamini.

Halafu, wiki moja kabla ya siku yenyewe, kliniki ikasema daktari amesafiri. Wagonjwa wote warudi Februari. Jirani zetu walilaani. Tata alikuja kwangu anatabasamu na kiondo kimeshafungwa.

Januari: tunaondoka na jasho

Mtu akitaka kupima imani, na aondoke Siakago katikati ya Januari akiwa amebeba makoti mawili. Ardhi ilikuwa imepasuka. Mbuzi walikuwa wamelala chini ya magari. Mbogo, yule yule aliyetoa jina la Kifuniko, sasa mzee mwenye fimbo na kikohozi, alitukuta tukipakia blanketi kwenye gari saa nne asubuhi.

"Marigu, mnakwenda wapi na hizo blanketi?"

"Kutafuta baridi."

"Katika jua hili?" Akacheka mpaka akaketi kwenye jiwe. "Kifuniko angekuwa hai angekuonea huruma!"

Gari lilichemka Embu, lilichemka Runyenjes, na Chuka yule mama wa ndizi alitukumbuka. "Sasa ndiyo mmekuja," akasema, akatuongezea ndizi mbili juu.

Juu ya msitu sikuitambua nchi. Nilikuwa nimefika pale Agosti nikakaa siku mbili, na hakuna aliyenijulisha kuwa kuna mlima. Ulikuwa umesimama nyuma ya jiko la Gatwiri, vilele vyake vimechongoka, na michirizi myeupe kwenye mabega. Pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, walikuwa wakila nyasi kwenye mteremko, watulivu. Ndege wa chozi, kijani inayong'aa kama bati jipya, walikuwa wakinyonya maua mekundu mlangoni. Wale mbogo watatu walikuwepo, kumbe si watatu, ni tisa, na anayekohoa ni jike. Nilimaliza filamu yote ya kamera mchana huo. Kumbukeni jambo hili mtakapotaka kuniuliza picha iko wapi.

Alasiri Micheni alinipeleka mtoni kuvua. Alinionyesha jinsi ya kuurusha uzi kwa mkono laini, kama unamfukuza kuku wa jirani bila jirani kujua. Kwa mrusho wa kwanza nilinasa kichaka. Kwa wa pili nilinasa kofia ya Micheni, na nikawa mtu wa kwanza katika historia ya nyumba zile kuona kichwa chake. Samaki walikaa kwenye kivuli cha jiwe, wakinitazama bila kufumba macho. Nikamwelewa Tata.

Yeye hakutaka matembezi. Alikuwa akichagua mahali pa karai. Alilijaza mwenyewe, akaliweka juu ya jiwe mbali na ukuta, akavuta kiti dirishani. Jua lilipotua baridi ilishuka ghafla kama pazia. Anga likawa wazi, nyota zimesongamana. Micheni alitazama juu, akamwambia, "Leo itashika, mama." Safari hii Tata hakumwita jina lolote.

Karai

Niliamshwa na ukelele alfajiri, mwanga ukiwa wa kijivu. Nilitoka na koti juu ya nguo za kulalia. Nyasi zote, hadi ukingo wa msitu, zilikuwa nyeupe, na zilivunjika chini ya viatu vyangu kama bisikuti. Tata alikuwa amesimama mbele ya jiwe. Kando yake Gatwiri alikuwa ameshika birika tupu. Kutoka kwenye karai mvuke ulikuwa ukipanda, mwingi, mzuri.

"Nimekupashia, mama," Gatwiri alikuwa akisema. "Ningewezaje kukuacha unawe maji ya hivyo? Yalikuwa yameshika kama jiwe! Nimemwaga birika zima ndiyo yakaachia."

 Pale kwao, kama kwetu, mtu mzima hanawi maji baridi mbele ya mpishi mwenye akili timamu. Gatwiri alikuwa amefanya alichofanya kwa kila mgeni mzee tangu aajiriwe. Hakuna aliyekuwa amemwambia lile karai ni la nini, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Tena mtu yeyote mwenye shahada angeweka makarai mawili.

Gatwiri alitazama nyuso zetu, akaelewa, akaanza kulia. Sasa tulikuwa na watu wawili wa kufariji.

"Lakini Tata, tazama nyasi," nikasema. "Hii yote ni maji yaliyoganda. Umeona sasa."

"Nyeupe naiona. Yeye hakusema nyeupe. Alisema kifuniko."

Nikakimbilia bomba la nje kutafuta maji mengine. Nilifungua, halikutoa hata tone. "Umeona? Yameganda humo ndani!"

"Bomba lenu limeharibika," akamwambia Micheni.

Juu yetu jua lilikuwa limeshika vilele, vimewaka rangi ya moto. Mstari wa mwanga ulikuwa ukishuka mlima, na kila ulipofika weupe ulifutika. Micheni aliupima kwa macho.

"Mama unaweza kutembea haraka?"

"Nimetembea Siakago hadi Ishiara na mzigo mgongoni. Twende."

Alitupeleka chini, mahali penye chumvi ambapo wanyama huja kulamba. Ni bonde dogo lenye kinamasi, na jua hulifikia mwisho. Baridi hukaa mle, Micheni alisema, kama maji yanavyokaa bondeni. Katikati ya njia tulisimamishwa na mbogo mmoja, yule jike, mvuke ukitoka puani. Jua nyuma yetu linashuka, mbogo mbele yetu anatafuna. Nilimsikia Tata akimwambia kwa Kimbeere, kwa sauti ya mtu aliyechelewa kanisani, kwamba wengine wana shughuli. Jike alikohoa, akajiondokea.

Bondeni kulikuwa bado na kivuli. Ndovu walikuwa wamepita siku iliyotangulia, na ukingo wa kinamasi ulikuwa umejaa nyayo zao, mashimo ya mviringo yenye maji. Micheni aliinama kwenye moja. Hakugusa. Alirudi nyuma hatua moja akamwachia Tata nafasi.

Tata alipiga magoti kwenye nyasi nyeupe. Akabisha kwa vidole, kama anabisha mlango wa mtu, na ikaitika ko, ko. Akapitisha kucha ukingoni, pande zote, taratibu, jinsi mama anavyoachilia ugali kwenye sufuria. Kisha akaingiza mikono miwili, akainua.

Kilitoka kizima. Duara, kinene kama sahani ya bati, kingo zake zimefuata kucha za ndovu. Maji yalidondoka chini yake, na shimoni, chini kabisa, kulikuwa na maji.

Alikiinua mbele ya jicho lake la kulia, akautazama mlima kupitia hapo. Alitazama muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, lakini nilipotaka kumpokea alinisukuma kwa kiwiko.

"Nyaga," akasema. "Ni kifuniko."

Akasema na mengine, lakini hayo hakuwa akituambia sisi. Mimi na Micheni tuligeuka tukawachunguza pofu kwa makini sana.

Kurudi, kikiwa ndani ya sufuria

Hapo ndipo angeridhika mtu wa kawaida. Tata alitaka kukipeleka Siakago. Gatwiri, aliyekuwa bado anapangusa macho, alitoa sufuria yake kubwa kuliko zote na kifuniko chake, akaijaza nyasi zilizoganda, na kifuniko cha Nyaga kikalazwa ndani kama mtoto mchanga. Kwa hiyo tuliteremka mlima tukiwa na kifuniko ndani ya kitu chenye kifuniko.

Kingeweza kufika mbali kidogo kama Tata angeacha kukiangalia. Kwenye mianzi alifungua kuona kama kinayeyuka. Kwenye chai alifungua tena. Chogoria kilikuwa cha ukubwa wa mkono. Chuka alimwonyesha mama wa ndizi kipande kama kitufe cha koti, na yule mama, Mungu ambariki, alipiga makofi. Runyenjes gari lilipochemka nilinyoosha mkono kuchukua yale maji ya sufuria, nikapigwa kofi ambalo sijapigwa tangu darasa la tatu. Embu Tata alinunua soda, akainywa, akaisuuza chupa, akayamimina yale maji humo bila kumwaga hata tone.

Jioni ile ile aliwaita waliokuwa kwenye ubatizo ule. Walikuwa wamebaki watatu, na mmoja hasikii. Aliweka chupa mezani.

Mbogo aliichukua, akaitazama, akainusa. "Haya ni maji."

"Yalikuwa kifuniko," Tata akasema. "Nimekiinua mimi mwenyewe, kwa hii mikono, kwenye unyayo wa ndovu. Nyaga alisema ukweli. Mimi ndiye niliyesema uongo mbele yenu, na mbele yenu naurudisha."

 Halafu mabega ya Mbogo yakaanza kutikisika.

"Kwenye unyayo wa ndovu!" akapasuka. "Nyaga alituambia karai. Sasa huyu ametuletea ndovu!"

Nikasimama. Nikasema mimi ni shahidi, nilikuwepo, niliona.

"Na picha iko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za filamu na mbogo tisa. Nilijisikia nikieleza, na nilijua kabisa jinsi nilivyosikika.

"Mwalimu," Mbogo akasema, akifuta machozi, "ulisomeshwa chuo kikuu uje kutuambia maji hujifunika?"

Nilimgeukia Tata nikitarajia hasira. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, amewatazama wakicheka kama mtu anayesubiri wapakuliwe wote kabla ya kuanza kula. Hakujitetea tena. Mbogo alipoinuka kuondoka alisimama mlangoni, akamnyooshea fimbo. "Uliolewa na Kifuniko, na sasa umekuwa yeye. Mama Kifuniko!"

Kisu ni wiki ijayo. Nitampeleka mimi, na rejeta imetengenezwa. Chupa iko dirishani kwake, kando ya kofia ya Nyaga, na tafadhali mkimtembelea msiinywe, maana mtu mmoja alikaribia. Nilikuwa pale jana asubuhi, tunakunywa uji, aliposikia fimbo ya Mbogo ikipita nje ya ua.

"Mama Kifuniko! Umeamkaje?"

"Niko!" akaitika Tata, kabla hata hajamaliza kuita. Akaweka kikombe chini, akaenda uani kumsimulia tena.